Tokeni isipokuja: namna ya kupima udhibiti wa vikundi katika Istio

Ukiwekewa mafaili mawili ya sera za Istio, yote yakidai kuifungua huduma ya malipo kwa kikundi cha wahasibu peke yao, utapata shida kutambua lipi ni kazi ya fundi na lipi ni la kubahatisha. Yote mawili yatampitisha mhasibu. Siku ya kuonyeshwa wakubwa yote mawili yatapigiwa makofi, maana maonyesho ya aina hiyo hufanywa na mtu mwenye tokeni halali, aliyemo kwenye kikundi kinachotakiwa, anayegonga anwani iliyokusudiwa. Tofauti hujitokeza pale kitu kinapokosekana: tokeni haikuja, dai la kikundi halimo, lebo ina herufi iliyoruka. Kipimo ninachokitetea hapa ni hicho kimoja. Kabla ya kuuliza usanidi unamruhusu nani, uliza unafanya nini unapokuta pengo, kwa kuwa katika Istio pengo mara nyingi husomwa kama ruhusa, na hilo halikutokea kwa bahati mbaya, ndivyo ilivyobuniwa.

Istio, mradi uliotangazwa mwaka 2017 na Google, IBM na Lyft, katika mpangilio wake wa kawaida huweka proksi ya Envoy kando ya kila huduma ndani ya klasta, na maombi hupitia kwenye proksi hiyo kabla ya kuifikia programu. Mtumiaji anapoingia, mfumo wa utambulisho humpa tokeni ya JWT, iliyowekewa kanuni na RFC 7519 ya mwaka 2015: vipande vitatu vilivyotenganishwa kwa nukta, cha mwisho kikiwa sahihi ya kidijitali. Kipande cha kati, ukikifumbua, ni maandishi ya kawaida ya JSON: "iss" humtaja aliyeitoa, "aud" huduma iliyokusudiwa, "exp" wakati wa kuisha, na "groups" orodha ya vikundi vya mwenye tokeni. Kazi ya kuilinda huduma imegawanywa kwa sera mbili. RequestAuthentication hutaja mtoaji anayeaminika na mahali zilipo funguo zake za umma; AuthorizationPolicy huamua nani apite. Sasa angalia: RequestAuthentication ikikuta tokeni ya kughushi au iliyokwisha muda hurudisha 401, lakini ombi lisilo na tokeni kabisa huliachia lipite. Ni mlinzi wa geti anayemkamata mwenye kitambulisho bandia huku asiye na kitambulisho akimpungia mkono. Atatokea wa kusema kuwa huo ni uzembe wa waliobuni, na hapo sikubaliani naye. Swali la kama tokeni ni ya kweli na swali la kama ombi hili linahitaji tokeni ni maswali mawili. Kuna kurasa za wazi, kama ule wa kuingilia, na kuna huduma zinazohamishwa pole pole kutoka mfumo wa zamani. Ila mgawanyo huo unamwachia mwandishi wa sera wajibu wa kulijibu swali la pili yeye mwenyewe. Ukiikuta RequestAuthentication imekaa pekee, bila AuthorizationPolicy inayodai utambulisho, kazi hiyo haijaisha, hata kama kila mstari wake ni sahihi.

Pengo la pili lipo ndani ya AuthorizationPolicy yenyewe. Podi isiyoguswa na sera yoyote ya ALLOW iko wazi. Ikiguswa na moja tu, yote ambayo hayakutajwa yanafungwa. Kwa hiyo mwandishi akiielekeza sera kwenye lebo "app: malipo" wakati podi zina lebo "app: malipo-api", sera itapokewa bila manung'uniko, itaonekana kwenye orodha, na haitamlinda mtu yeyote. Fundi mwenye tahadhari huanza kwa kuweka katika eneo-jina zima sera isiyoruhusu chochote, ambayo kiini chake ni "spec: {}" tu, kisha anafungua mlango mmoja mmoja. Baada ya hapo lebo ikikosewa, huduma inafungwa na simu zinaanza kulia, jambo ambalo ni heri mara mia kuliko kubaki wazi kimya kimya. Hapo hapo msomaji akodoe macho, maana "rules" yenye kipengele kitupu, yaani "- {}", ni kinyume kabisa: kanuni isiyo na sharti hulingana na kila ombi. Mabano ni yale yale, na moja limefunga kila kitu wakati jingine limefungua kila kitu.

Kistari cha YAML ndicho kinachostahili kukaguliwa kwa karibu kuliko kingine chochote. Kanuni moja ina sehemu tatu: "from" inayotaja ombi linatoka kwa nani, "to" inayotaja njia na mbinu, na "when" inayotaja masharti, kwa mfano kwamba "request.auth.claims[groups]" iwe na thamani "wahasibu". Sehemu hizo zikiwa chini ya kistari kimoja, lazima zote zitimie. Sasa chukua kanuni isemayo: mwenye tokeni ya mtoaji wetu, anayetuma POST kwenye njia ya /malipo, aliye mhasibu. Weka kistari mbele ya "when" na uisogeze iwe safu wima moja na "from". Faili bado ni halali, lakini kanuni imekuwa mbili, na kutimia kwa moja kunatosha. Kila mwenye tokeni, awe mhasibu au dereva, sasa anaweza kutuma malipo. Na mhasibu naye anaweza kufanya lolote kwenye huduma hiyo, hata kufuta. Mhasibu aliyejaribu mfumo atasema unafanya kazi, na atakuwa anasema kweli. Ndiyo maana mkaguzi mzoefu huhesabu vistari kwanza, halafu ndipo asome maneno. Na akiwa hapo hapo huangalia kama "from" imemtaja mtoaji kwa "requestPrincipals", ambayo huundwa kwa "iss" na "sub" zikiunganishwa na mkwaju. Pale watoaji wawili wanapoaminika kwenye huduma moja, mmoja wa wafanyakazi na mwingine wa wateja, neno "wahasibu" ndani ya tokeni ya yeyote kati yao litahesabiwa, isipokuwa sera imekifunga kikundi hicho kwa mtoaji wake.

Tukija kwenye dai la vikundi lenyewe, ubora unaonekana katika kuchagua kati ya kutaja wanaoruhusiwa na kutaja wanaokatazwa. Sera ya ALLOW yenye "notValues: wageni" inasomeka vizuri kwa Kiingereza chake: aruhusiwe kila asiye mgeni. Lakini ombi lisilo na tokeni halina kikundi, na lisilo na kikundi si la wageni, basi linapita. Utasema hakuna fundi wa kufanya hivyo, na sera ya DENY ingetosha. Ushahidi unaoniondoa kwenye matumaini hayo unatoka kwenye mfumo wa utambulisho wa Microsoft Entra ID. Tokeni yake ya JWT haibebi vikundi zaidi ya 200. Mtumiaji akivuka idadi hiyo, dai la "groups" huondolewa na mahali pake huwekwa kielekezo cha kuulizia orodha kwingine. Envoy haifuati kielekezo hicho. Mwenye vikundi vingi aghalabu ni injinia wa siku nyingi au meneja aliyezunguka idara zote. Chini ya ALLOW yenye "values", mtu huyo atafungiwa nje na kulalamika, na tatizo litajulikana siku hiyo hiyo. Chini ya DENY inayokizuia kikundi cha waliosimamishwa kazi, atapita, kwa kuwa kikundi cha kumzuia nacho hakimo. Kwa hiyo DENY inayotegemea kikundi pekee ni dosari, hata ikiwa imeandikwa na mkono safi. Dawa ni kumwambia Entra atoe vikundi vilivyounganishwa na programu hiyo tu, orodha ibaki fupi.

Majina ya vikundi nayo yana hila zake. Entra kwa kawaida hutoa kitambulisho kirefu cha herufi na tarakimu badala ya jina. Keycloak, mfumo mwingine wa utambulisho, usipobadilishwa, hutoa njia nzima ya kikundi ikianza na mkwaju, "/wahasibu". Wengi hulalamika kuwa vitambulisho hivyo havisomeki na hulazimisha majina. Mimi naona heri kitambulisho kisichobadilika pamoja na maelezo mafupi pembeni yake ndani ya faili, kuliko jina zuri ambalo mtu wa rasilimali watu anaweza kulibadilisha Ijumaa jioni. Upande wa njia neno ni fupi: udhaifu wa CVE-2021-31920 ulionyesha kwamba mikwaju iliyorudiwa au iliyofichwa kwa alama za asilimia iliweza kuzikwepa sera zilizotegemea njia, na zilizoumia ni hasa zile za kukataza.

Kipingamizi kizito kuliko vyote ni kwamba kufunga kwanza huvunja mifumo. Ukusanyaji wa vipimo wa Prometheus hauna tokeni, kazi za usiku hazina mtumiaji, na kila mlango uliosahauliwa ni huduma iliyolala. Ni kweli, na fundi asiyelifikiria hilo ataamriwa aondoe sera zote kabla ya saa sita mchana. Jibu lipo ndani ya zana. Ombi la kimashine huruhusiwa kwa utambulisho wa mTLS wa podi inayolituma, katika kanuni yake ya pekee, bila kuigusa ile ya vikundi. Sera mpya huweza kuwekwa kwa majaribio kupitia anotesheni ya "istio.io/dry-run", ikaandika kwenye kumbukumbu kile ambacho ingekataa bila kukataa. Kisha kuna majaribio ya curl ambayo kazi nzuri huja nayo: bila tokeni, irudi 403 yenye maneno "RBAC: access denied", tokeni iliyochezewa, 401, tokeni halali ya asiye mhasibu, 403, ya mhasibu iliyotolewa kwa ajili ya huduma nyingine, 403 pia, na ya mhasibu sahihi, 200. Hilo la nne ndilo linalorukwa sana. Envoy isipopewa orodha ya "audiences" haikagui "aud" hata kidogo, hivyo tokeni iliyochukuliwa kwa ajili ya programu ya likizo itakubaliwa kwenye malipo.

Wapo wanaosema haya yote yangekaa ndani ya programu, kwa kuwa proksi haijui kama ankara fulani ni ya tawi la huyu mhasibu. Haijui, na isilazimishwe kujua. Sera inayojaribu kuingiza matawi na viwango vya fedha kwenye YAML imeshapotea njia. Kazi ya proksi ni kuhakikisha asiye mhasibu hafiki hata mahali pa kuuliza swali la tawi.

Linabaki pengo la muda, ambalo hakuna YAML inayoliziba. Mtu akitolewa kwenye kikundi saa nne, tokeni aliyonayo inaendelea kusema ni mhasibu hadi "exp" ifike. Keycloak kwa chaguo-msingi huipa tokeni ya ufikiaji dakika 5. Entra huipa kati ya dakika 60 na 90. Kufupisha muda huongeza mzigo kwa mfumo wa utambulisho, kwa hiyo hakuna tarakimu moja inayofaa kila mahali. Kwa orodha ya vyumba vya mikutano saa moja na nusu haina madhara. Kwa huduma inayotoa fedha, ninategemea kukuta sera ya CUSTOM, inayotangulia DENY na ALLOW katika mpangilio wa ukaguzi, ikimuuliza mwidhinishaji wa nje kwa kila ombi kama mtu huyo bado yumo kikundini.