Tazama Miguu, Upanga Uache

Kwenye vibanda vya video tulikokulia, filamu ya vita ilikuwa na sifa moja tu: stelingi ameua wangapi. Msimuliaji aliyepaza Kiswahili juu ya sauti za waigizaji alituhesabia maiti, nasi tukatoka tumeridhika na pesa yetu. Ilinichukua miaka kujua kwamba hesabu ile ndiyo iliyokuwa ikitupoteza. Filamu ya vita hupimwa chini, miguuni, penye tope na vumbi. Na ikiwa ni sehemu ya pili, pima hapo hapo kwa ukali zaidi, maana sehemu ya pili hupewa mafungu manono, na fedha katika filamu hupenda kwenda juu: mishale inayofunika anga, majeshi yasiyo na mwisho.

Chukua "Kingdom 2" ya mwaka 2022, iliyoongozwa na Shinsuke Sato. Filamu ni ya Kijapani, ila kisa ni cha China ya kale, karne ya 3 kabla ya Kristo, falme zilipokuwa zikitafunana. Imetoka kwenye katuni za Yasuhisa Hara zilizoanza kuchapishwa mwaka 2006. Majina ya Kichina husomwa kwa matamshi ya Kijapani, ndiyo maana mfalme kijana wa Qin anaitwa Ei Sei; historia inamjua kama yule aliyeiunganisha China mwaka 221 KK. Sehemu ya kwanza, ya 2019, ilihusu kiti chake: nduguye kakipora, naye anakirudisha akisaidiwa na Shin, yatima aliyelelewa utumwani. Sehemu ya pili inamtupa Shin vitani kama askari wa miguu asiye na jina, katika kikosi cha watu watano, kwenye uwanda wa Dakan dhidi ya jeshi la Wei. Zote mbili ziliingiza zaidi ya yeni bilioni 5 kwenye kumbi za Japani, kwa hiyo sanduku la tiketi halitatusaidia kuchagua.

Anza na ardhi. Vita vikipamba moto, simamisha picha ujiulize: kilima kiko upande gani? Nani yuko juu, nani anapanda? Ukikosa jibu, usijilaumu, huenda mwongozaji mwenyewe hakuwa nalo. Fundi mkuu wa jambo hili ni Akira Kurosawa. Katika "Seven Samurai" ya mwaka 1954, kiongozi wa wapiganaji, Kambei, anakaa na ramani ya kijiji na kuchora duara kwa kila jambazi. Kila anayeuawa, duara lake linakatwa. Mtazamaji anapoingia kwenye mvua na matope ya pambano la mwisho, anajua wamebaki wangapi. Kilichogharimu ni karatasi na brashi.

Hapo "Kingdom 2" inapata alama nzuri. Wei wamekalia kilima, Qin lazima wapande. Jambo ni jepesi hivyo, na Sato haliachii: watu wanapanda, wanaporomoka, wanapanda tena. Magari ya farasi ya Wei yanapotokea, tunajua mara moja kwa nini askari wa miguu wamekwisha, kwa sababu tumeshaoneshwa kwamba mbele yao ni tambarare tupu, hakuna pa kujificha. Hofu inatoka kwenye ardhi kabla haijatoka kwenye magurudumu.

Kisha uzito. Upanga wa kuigizia ni mwepesi. Uzito huumbwa na mwigizaji, naye huuumba kwa miguu. Tazama kisigino cha nyuma. Mtu anayepiga kwa nguvu hujisukuma kutoka ardhini. Anayedanganya hupunga mikono huku miguu imelala. Mwongozaji wa mapigano wa filamu hizi, Yuji Shimomura, amefanya jambo ambalo wengi hawalitaki kwa uvivu: kila mtu ana miguu yake. Shin wa Kento Yamazaki hupigana kama mpasua kuni, anaruka na kushuka na mwili mzima. Jemadari Ouki wa Takao Osawa hahitaji kuruka, jitu lile linageuza kiuno tu na watu wanaanguka.

Halafu kuna Kyokai. Huyu ndiye sababu ya kuitazama sehemu hii. Ni msichana wa ukoo wa wauaji, ameingia jeshini akiwa na kisasi cha dada yake, na ustadi wake ni ngoma iliyofungwa kwenye pumzi. Pumzi ikiwapo, hagusiki. Ikikata, ni msichana mwembamba katikati ya wanaume wenye mikuki. Nana Seino anaicheza kwa utulivu wa kutisha: anazunguka, anapita kati ya watu kama upepo kwenye mapazia, na uso hausemi neno. Kisha magoti yanalegea, kifua kinapanda na kushuka, na ghafla tunaanza kumhofia mtu ambaye dakika moja nyuma alikuwa hashindiki. Wenye uwezo usio na mwisho hawana mvuto. Hilo stelingi wetu wa kibandani hakuwahi kuambiwa.

Hesabu mikato pia. Kila pigo likiwa na picha yake, shuku. Pigo, kata, uso, kata, damu, kata: hapo aliyepigana ni mhariri. Kurosawa aliweka kamera kadhaa kwa pamoja ili pambano liende bila kusimamishwa. Mwaka 1962, alipotoa "Sanjuro" baada ya mafanikio ya "Yojimbo", hakuongeza jeshi. Mwishoni wanaume wawili wanasimama karibu karibu, kimya, muda mrefu hadi unataka kukohoa, kisha pigo moja. Watengenezaji wa sehemu za pili wangepaswa kuitazama kila asubuhi.

Mavazi nitayapitia haraka: tazama pindo, si kifua. Deraya nzuri yenye pindo safi baada ya siku nzima ya vita ni uongo. Na mtazame mtu wa safu ya 6, yule asiyejulikana: anapigana na nani? Katika picha za mbali za "Kingdom 2" umati wa kompyuta unajisaliti, unatiririka kama maji badala ya kujikwaa kama watu. Sauti nayo ina adabu yake. Katika "Ran" ya Kurosawa, ya 1985, ngome inateketea huku tukisikia muziki wa Toru Takemitsu peke yake, hadi mlio mmoja wa bunduki unaturudishia kelele zote. "Kingdom 2" haithubutu kunyamaza namna hiyo hata mara moja, na inaumia kwa hilo.

Kosa lake kubwa ni mdomo. Vita vinasimama watu wahutubie. Ouki anafika na farasi wake kutoa somo la ujemadari, na ingawa Osawa ni raha kumsikiliza, nyuma yake kuna watu wanakufa na inaonekana wameambiwa wangoje. Kumbukumbu za Kyokai na dada yake nazo ni ndefu kupita haja. Pumzi yake ilikwisha kutuambia yote.

Hukumu yangu: kwa uigizaji, ile ya 2019 iko juu, na Ryo Yoshizawa alistahili tuzo aliyopewa na Akademia ya Filamu ya Japani kwa kumcheza mfalme. Kwa ufundi wa vita, ya 2022 inaishinda waziwazi. Pambano la Kyokai litazame mara mbili, na mara ya pili ukiwa umezima sauti.