Alijipeleka Mwenyewe

Maskani ya hapa Mtopanga, kesi ya unajisi ikitajwa, lazima kuna mmoja atasema: "Si alijipeleka mwenyewe?" Nilidhani hayo ni maneno ya kahawa tu. Halafu nikasoma hukumu moja ya Mahakama Kuu ya Malindi, ya 2016.

Msichana ana miaka 13. Mwanamume ana ishirini na ushei, na ameshafungwa miaka 20. Kwenye rufaa, Jaji Said Chitembwe anamwachilia. Mimi sheria sikusomea, hata chuo chenyewe sikumaliza, kwa hivyo niliisoma kama ninavyosoma hadithi: nani anatenda nini? Humo msichana ndiye mtendaji wa kila kitu. Yeye ndiye anayekwenda. Yeye ndiye anayetaka, tena anafurahia. Mwanamume yupo tu nyumbani, mambo yanamfika.

Sasa, Sheria ya Makosa ya Kijinsia ya 2006 haijali kama mtoto alikubali. Imemwachia mshtakiwa nafasi moja: awe alidanganywa na mtoto kuhusu umri, na aliamini kwa sababu za maana. Tena mahakama iangalie alichukua hatua gani kuujua umri huo. Hapo ndipo mwanamume anapodaiwa kitendo. Hukumu ikageukia tabia ya msichana, ikaifanya cheti cha kuzaliwa: anafanya mambo ya watu wazima, basi ni mtu mzima. Yaani kosa lenyewe ndilo linalomtetea mkosaji! Kwa hesabu hiyo, mtoto yeyote asiyepiga kelele amekua usiku mmoja.

Najua mtaniletea habari ya kijana wa 19 na mpenzi wake wa 17. Haki yenu. Sheria inamtaka huyo kijana afungwe si chini ya miaka 15, na hapo mimi pia sioni busara. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufaa ilitaka nchi ijadili kushusha umri wa ridhaa hadi 16. Tujadili. Ila hata ukishushwa kesho, msichana wa 13 bado ni mtoto.

Juzi ile "alijipeleka" ikarudi pale maskani. Nikamuuliza kaka aliyeisema, "Na yeye jamaa, alipomwona mlangoni alifanya nini?"

Akanitazama. "Kwani yeye angefanyaje?"