Kampuni inakomaa, na wewe je?



Kuna shauri moja inazunguka sana huku Murara: "Usipoteze wakati kungoja kazi ya Leta ao ya ONG. Ingia mu kampuni ndogo yenye inakomaa, mutapanda pamoja." Shauri si mbaya, lakini imefika nusu tu.

Tuanze na mazuri. Muangalie Nuru, kampuni ya umeme wa jua. Mwaka 2017 iliwasha mtandao mdogo kule Beni. Mwaka 2020 ikafungua sentrali ya megawati 1.3 hapa Goma, ku Ndosho. Mwaka 2023 ikakusanya zaidi ya dola milioni 40 za wawekezaji. Kampuni ikiongezeka hivyo, nafasi zinazaliwa zenye jana hazikukuwa. Hata kwa sisi maagronome: mu kampuni ndogo ya mbegu ao ya kahawa, asubuhi uko ku pepinyeri, saa sita unafundisha wakulima, magaribi unaandika raporo. Mwaka moja unajua kazi yote, toka mbegu mpaka muuzaji. Mu shirika kubwa ungeshika kipande kimoja tu.

Lakini kazi ya watu watatu inafanyika hapo kwa mshahara wa mtu moja. Ukiuliza, wanakujibu: "Sisi ni familia, vumilia, tunakomaa." Mwenzetu mmoja wa promosio yetu alifanya stazi miezi 14 kwa kampuni moja ya hapa mjini. Kampuni ikanunua magari mbili, yeye hakupata hata kontra. Na makomeo yenyewe inavunjika haraka. Mwezi wa kwanza 2025 mabenki ya Goma yalifunga milango. Kampuni yenye inaishi kwa mukopo ao kwa muuzaji mmoja inayumba siku ile ile, na mwenye hana karatasi njo anatoka wa kwanza.

Ile shauri inakosea hapa: inaomba uvumilivu kwa mfanyakazi peke yake. Kahawa inangoja kama miaka tatu mbele ya kutoa matunda ya kwanza, na mkulima anavumilia. Lakini anapanda maharagi katikati ya mistari ili watoto wakule, na hapandi mu shamba yenye hajui ni ya nani. Kwa mfanyakazi, kontra njo karatasi ya shamba.

Na sheria iko. Kode ya kazi ya 2002 inasema kipindi cha majaribio hakipite miezi sita. Mwenye anaitwa kazi siku kwa siku, akishafanya siku 22 ndani ya miezi mbili na akaitwa tena mbele miezi hiyo iishe, anahesabiwa kuwa na kontra isiyo na mwisho. Ni wangapi kati yetu tulisoma hiyo mbele ya kusaini?

Kwa hiyo, uingie, ndiyo, lakini uulize vitu vitatu mapema: kazi yangu ni gani, imeandikwa wapi? Majaribio inaisha tarehe gani? CNSS munanilipia? Patro mwenye anajua kweli kampuni yake inaenda wapi hatakasirika. Mwenye anakasirika juu ya maulizo hayo, amekusaidia kujua mapema, mbele ya kumupa miaka tatu yako.