Ukungu Usiokuwa Ukungu

Kuna mtindo wa picha nyeusi na nyeupe unaoionyesha meli iliyovunjika ikiwa imezingirwa na ukungu. Mhakiki wa Pwani ya Kusini hana budi kuuliza ukungu huo umetoka wapi, maana bahari ya Diani na Msambweni haiujui sana. Aghalabu ni mawimbi yenyewe: kamera ikiachwa wazi dakika nzima, povu hulainika likafanana na mvuke. Hapa fani imemeza maudhui. Daguerre alipoipiga picha Boulevard du Temple, Paris, mwaka 1838, magari ya farasi na wapita njia karibu wote walitoweka. Akasalia mtu aliyesimama akisafishwa viatu. Vivyo hivyo mvuvi apitaye na ngalawa kando ya gofu la meli hufutwa na muda wa mpiga picha, nasi watazamaji tukaamini kwamba ufuo huo ni mahame.