Kizuri Hakijiuzi Tena

Waswahili husema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii ina ukweli wake kwa kitambaa na kwa embe, lakini katika soko la nyimbo za kale nimeiona ikipinduka. Humo kibaya kiko katika kila kibanda, kimevikwa karatasi ya rangi, na kizuri kimejificha ndani ya sanduku la mzee fulani au katika maktaba ya ng'ambo. Kwa hiyo napenda kuzungumza na msomaji juu ya kazi ya kukusanya muziki wetu bora uliorekodiwa. Wengi huiona kuwa ni mchezo wa wastaafu wasio na la kufanya. Mimi naiona kuwa ni sehemu ya elimu.

Kwanza tuelewane juu ya neno "bora". Mzungu anayekusanya muziki wa Beethoven anasumbuliwa na wingi wa wapigaji. Simfoni ile ile ya tano imerekodiwa mara nyingi mno na okestra za Berlin, Vienna, London na kwingineko, na kila kiongozi wa okestra huielewa kwa namna yake. Mkusanyaji huyo huuliza ni nani aliyeipiga vema zaidi. Kwetu mambo ni tofauti. Nyimbo za Salum Abdallah zilipigwa na Salum Abdallah mwenyewe na Cuban Marimba yake ya Morogoro, naye alifariki mwaka 1965. Kinachojaa sokoni kwetu si wapigaji, ni nakala. Basi swali letu ni hili: nakala ipi iko karibu zaidi na kile kilichopigwa siku ile?

Swali hilo huonekana dogo mpaka mtu afuate safari ya wimbo mmoja. Bendi zetu za zamani zilikuwa na njia mbili kubwa. Ya kwanza ni studio ya Radio Tanzania Dar es Salaam, ambako nyimbo zilirekodiwa ili zitangazwe hewani. Ya pili ni kampuni za Kenya zilizotoa santuri, kama Mzuri ya Mombasa na nyingine za Nairobi. Mpaka ulipofungwa mwaka 1977, njia hii ya pili ikawa ngumu hadi ulipofunguliwa tena mwaka 1983. Mpenzi wa muziki alibaki na redio. Aliweka mashine ya kaseti mbele ya spika, akanasa wimbo pamoja na kikohozi cha mtoto na mlio wa jogoo. Kanda ile akamwazima jirani, jirani akaidurufu, na mwenye kibanda akadurufu ya jirani.

Sasa tazama hesabu yake. Mkanda wa studio una upana wa zaidi ya milimita 6, nao hupita katika mashine kwa kasi ya sentimita 19 au 38 kila sekunde. Kanda ya kaseti haifikii upana wa milimita 4, na kasi yake haifikii sentimita 5. Kila inapodurufiwa, mvumo huongezeka na sauti nyembamba hufifia. Isitoshe, kanda iliyonaswa kwa mashine yenye betri zilizochoka, ikipigwa kwenye mashine nzima, huenda mbio na sauti hupanda. Mbaraka Mwinshehe akasikika kama kijana ambaye hajabaleghe. Baadaye nakala hiyo ya nne au ya tano ikaingizwa kwenye kompyuta, ikabanwa iwe MP3 ndogo, ikapakiwa kwenye simu. Kompyuta ikinakili tu haipotezi kitu; ni kule kubana kunakopoteza, na kilichopotea hakirudi.

Hapa Idodi, kando ya barabara iendayo mbugani Ruaha, kijana mmoja huuza nyimbo sokoni kwa kuzipakia kwenye simu za wateja. Ni kijana mwema. "Kamwene, mwalimu," akaniambia siku moja, "humu nimekuwekea nyimbo 300 za wazee, bei ya soda mbili." Nilipozisikiliza nyumbani, nyingi zilikuwa zimejirudia kwa majina tofauti. Wimbo wa Atomic Jazz umeandikwa Jamhuri Jazz, nadhani kwa sababu bendi zote mbili zilikuwa za Tanga. Nyingine zimekatwa katikati. Na hapa ndipo penye hasara ambayo mgeni wa muziki huu hawezi kuigundua. Santuri ndogo ya 45 ilichukua dakika tatu au nne kila upande. Kwa hiyo aghalabu wimbo mrefu uligawanywa, mashairi upande wa kwanza na chemko upande wa pili. Chemko ndicho kilele cha wimbo: waimbaji wananyamaza, gitaa la solo linajibizana na la rithimu, tarumbeta zinaingia, na wachezaji wanasahau viti vyao. Anayeuza upande wa kwanza peke yake ameuza ugali bila mboga.

Basi nisemapo rekodi bora nadai mambo matatu: iwe kamili, sauti yake iwe karibu na chanzo, na iwe na majina ya watu walioifanya. Kwa mizani hiyo ni chache sana zinazopita. Mfululizo wa Zanzibara, uliotolewa Ufaransa kuanzia mwaka 2005, ulianza na miaka 100 ya Ikhwani Safaa, ukaendelea na taarabu ya Mombasa na dansi la Tanzania ya miaka ya 1960. Humo unamsikia mpiga fidla akivuta upinde, na unaambiwa ni nani. "Ngoma Iko Huku", mkusanyiko wa Salum Abdallah uliotolewa na Dizim ya Ujerumani, umenifanya nisikie besi ambayo kwa miaka mingi niliidhania haimo. Na "Chibite" ya Hukwe Zawose, iliyotolewa na Real World ya Uingereza mwaka 1996, ni somo zima juu ya namna ya kurekodi zeze na marimba za Kigogo bila kuzizika chini ya vitu vingine.

Msomaji ameona: Ufaransa, Ujerumani, Uingereza. Wapo wanaolalamika kwamba wageni wametuchukulia mali. Lalamiko hilo lina haki yake pale msanii asipolipwa. Lakini jambo hili halikuanza leo. Siti binti Saad alivuka bahari hadi Bombay mwaka 1928 ili sauti yake ikamatwe, na santuri za wakati ule zilimpa kama dakika tatu tu kila upande, yeye ambaye taarabu yake ilikesha. Tunachosikia leo ni vipande, lakini bila vipande hivyo tusingekuwa na chochote. Hali kadhalika Hugh Tracey alipita Tanganyika mwaka 1950 na mashine yake, akanasa ala nyingi, likiwemo ligombo la Wahehe. Kazi zake zimehifadhiwa Afrika Kusini, katika maktaba ya muziki aliyoianzisha mwaka 1954. Ligombo si ngoma ya kupigiwa uwanjani. Ni ala ya nyuzi yenye sauti ya chini, ya kusikilizwa na watu waliokaa karibu. Ala kama hiyo ndiyo ya kwanza kufa katika nakala mbaya, kwa kuwa mvumo wa kanda unatosha kuifunika. Ngoma kubwa inaweza kuvumilia uchafu, ligombo haliwezi.

Sina uvumilivu mkubwa kwa aina nyingine ya bidhaa: zilipendwa zilizopigwa upya kwa kinanda cha umeme na ngoma za mashine. Sauti yake ni safi kweli, lakini ni usafi wa chumba kisichokaliwa na mtu. Morogoro Jazz iliyokwenda Osaka, Japani, mwaka 1970 haikwenda na mashine. Ilikwenda na watu waliosikilizana. Kati ya nakala chafu ya bendi halisi na nakala safi ya kinanda, nitachagua ile chafu, maana uchafu wa kanda naweza kuuvuka kwa sikio.

Lakini je, kuna hasara gani mtu akitosheka na cha kibandani? Nilipokuwa mkuu wa chuo cha ualimu, mwanachuo mmoja aliniambia kwa adabu kwamba wazee wetu waliimba kwa pua. Alikuwa hajawahi kusikia isipokuwa kanda zilizodurufiwa. Huyo alikuwa anakwenda kufundisha watoto, na angewapa hukumu hiyo kama elimu. Mtoto wa Iringa ataambiwa kuwa Tancut Almasi, bendi ya kiwanda cha kukata almasi cha mjini kwake, ilikuwa kelele. Naye ataamini, kwa sababu alichosikia ni kelele. Hivyo ndivyo watu wanavyodharau cha kwao bila kukijua.

Ushauri wangu ni mfupi. Nunua chache, uzisikilize mpaka mwisho, na ukipata iliyo kamili itupe iliyokatwa. Andika jina la bendi, la mtunzi na la mwaka kama unalijua kwa hakika. Usilolijua liache wazi. Kanda ziwe mbali na jua na vumbi, na aliye na santuri ya zamani asimpe mtoto aichezee. Shirika la Utangazaji Tanzania, lililorithi hazina ya Radio Tanzania, lina mikanda ambayo hakuna taifa jingine lililo nayo. Tuidai itolewe kwa ubora na kwa bei ambayo mwalimu wa kijijini anaimudu, na wenye nyimbo walipwe. Nyimbo 20 zilizo kamili, zenye majina, zinamtosha mtu kuwaonyesha wajukuu wake kwamba babu zao walijua kuimba. Zile 300 haziwezi.