Washika Funguo wa Pwani ya Msimbati

Msimbati imo ndani ya Hifadhi ya Bahari ya Ghuba ya Mnazi na Maingilio ya Mto Ruvuma, iliyotangazwa mwaka 2000. Huku fedha hufuata maji: bamvua likifika, wanawake hushuka mwambani kuchokoa pweza, maji mafu yakiingia, mifuko hukauka. Benki ziko Mtwara mjini. Kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa, kiko mkekani.

Kisanduku kina kufuli tatu. Funguo hukaa kwa watu watatu wa nyumba tofauti, na anayelala na sanduku hana hata mmoja. Mshika ufunguo akienda msibani, kikao husubiri. Fedha huhesabiwa kwa sauti mbele ya wote, na kila hisa hugongwa mhuri kwenye kitabu, ili hata asiyejua kusoma aione akiba yake. Mfuko wa jamii hutengwa kando, kwa ugonjwa na maziko.

Lakini hesabu ndiyo kazi nyepesi. Kazi hasa ni kumwendea jirani mnayechota naye maji kisima kimoja, kumwambia marejesho yamechelewa. Ni kumtoza shangazi faini, kisha jioni kumwamkia kama kawaida. Hapo hakuna mshahara, wala bango la mfadhili.

Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inataka vikundi hivi visajiliwe. Ni sawa. Basi maofisa wanaofika na fomu wakae mkekani, wasaidie kuzijaza.