Umuganuro si Tamasha: Maoni Kuhusu Ngoma za Burundi

Katika kusahihisha insha za wanafunzi wa Kiswahili mjini Muyinga, nimekutana mara kwa mara na neno la Kirundi "umuganuro" likifasiriwa kuwa "tamasha la mavuno". Walimu wenzangu wa Gitega wananiambia kwamba hata huko tafsiri hiyo imezoeleka. Kwa mtazamo wa haraka haina ubaya. Umuganuro ulifanyika kila mwaka, hadharani, mbele ya umati mkubwa, na ngoma zikirindima. Je, mtu ataka nini zaidi ili aite jambo hilo tamasha? Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba tafsiri hiyo ina kasoro mbili, na kwamba kasoro hizo si za msamiati tu, bali zimeingia pia katika jinsi tunavyoihakiki sanaa yenyewe.

Tuanze na "mavuno". Kitenzi cha Kirundi kuganura maana yake ni kulimbua, yaani kuonja mazao mapya. Lakini sherehe ya Burundi ilifanyika mwezi wa Desemba, nayo ilifungua upanzi wa mtama. Mwami alikula chakula cha mtama kwa taratibu maalumu, ngoma takatifu Karyenda ikatolewa, na ndipo nchi ikapata idhini ya kupanda. Kwa hiyo sherehe hii ilitazama mbele, kwenye mbegu zitakazofukiwa. Kiswahili kina neno "malimbuko", ambalo liko karibu zaidi, ijapokuwa nalo halibebi maana yote.

Kasoro ya pili ndiyo kubwa. Tamasha ni jambo la kutazamwa. Lina watendaji upande mmoja na watazamaji upande wa pili, na mtazamaji akisharidhika hurudi kwake akiwa hana deni. Umuganuro haukuwa hivyo. Ulimhusu hata mkulima aliyekaa mbali na asiyeiona ngoma kwa macho yake, kwani mbegu alizoziweka ghalani zilikuwa zikingoja idhini ile.

Hapa lugha zetu mbili zinafaa kulinganishwa. Katika Kiswahili, "ngoma" ni chombo, ni uchezaji, na ni mkusanyiko wenyewe. Katika Kirundi, "ingoma" ni chombo, na pia ni utawala. Mswahili wa pwani asione ajabu. Mwinyi Mkuu wa Unguja naye alikuwa na ngoma na siwa zilizokuwa alama za enzi yake. Hata hivyo, Burundi ilikwenda mbali zaidi, ikaunganisha enzi na jembe. Huko Gishora, mahali patakatifu pa ngoma karibu na Gitega, ambapo mapokeo yanasema palianzishwa na Mwami Mwezi Gisabo baada ya kumshinda mwasi Maconco, kuna ngoma mbili mashuhuri. Ya kwanza inaitwa Ruciteme, yaani yule ambaye watu hufyeka msitu kwa ajili yake. Ya pili ni Murimirwa, yaani yule anayelimiwa. Mwanafunzi wa Kiswahili atayatambua mara moja mashina ya "kutema" na "kulima" ndani ya majina hayo.

Tukija kwenye fani, sifa za sanaa hii hazina ubishi. Wapigaji huingia kwa msafara, ngoma nzito zilizochongwa katika mti wa mringaringa zikiwa vichwani mwao, nao wakizipiga huku wakitembea. Kisha hujipanga nusu duara, na idadi ya ngoma ni witiri. Ngoma ya katikati, Inkiranya, ndiyo inayoongoza. Zile ziitwazo Amashakwe hushika mdundo usiokatika, na Ibishikizo huufuata mwito wa katikati. Mpigaji mmoja mmoja hutoka mstarini, akacheza na kuruka, akaishika Inkiranya kwa zamu, kisha akampisha mwenzake. Pamoja na mdundo huo kuna nyimbo na majigambo ya kishujaa. Huo ni utanzu kamili wa fasihi simulizi, wenye kiongozi, waitikiaji na tungo zake.

Sasa nini kilitokea? Umuganuro ulikoma mwaka 1929, chini ya utawala wa Wabelgiji na shinikizo la wamisionari. Mwezi Novemba 1966 ufalme nao uliondolewa. Ngoma ikabaki bila mtama na bila mwami, ikatafuta makao mengine, ikayapata jukwaani. Mwaka 1967 wapigaji wa Burundi walirekodiwa katika sauti iliyosambazwa na kampuni ya Kifaransa ya Ocora. Joni Mitchell wa Kanada akaitumia rekodi ya ngoma hizo katika wimbo wake mmoja wa mwaka 1975. Mwezi Julai 1982 wapigaji wenyewe walisimama katika tamasha la kwanza la WOMAD huko Shepton Mallet, Uingereza, mbele ya vijana waliokuja kusikiliza muziki wa roki. Mwaka 2014 UNESCO iliingiza sanaa hii katika orodha ya urithi wa binadamu.

Sisemi kwamba jukwaa ni adui. Pasipo jukwaa huenda fani hii ingalififia, na vijana wa leo wasingaliuona mpangilio wa Inkiranya. Lawama yangu naielekeza kwetu sisi wahakiki na walimu. Tumejifunza kusifu vile ambavyo jukwaa limevibakiza: nguvu za misuli, kasi, miruko na sare za rangi. Msikilizaji wa Uingereza ana udhuru, kwa kuwa majigambo yale hakuyaelewa, na mdundo ndio uliomfikia. Sisi tunaosikia Kirundi hatuna udhuru huo. Tukiuhakiki mdundo tukayaacha maneno, na tukisifu miruko tukausahau mtama, tutakuwa tumehakiki nusu ya kazi.

Tena kuna hatari nyingine. Sanaa iliyotenganishwa na msimu wake huweza kusingiziwa mila kwa namna ya kuchagua. Mwezi Oktoba 2017 lilitolewa agizo la rais la kusimamia upigaji wa ngoma, nalo likawakataza wanawake kuzipiga, wakaachiwa kucheza ngoma zao za kike kando. Wanaoliunga mkono wanasema kwamba wapigaji wa zamani walikuwa wanaume, na katika hilo wanasema kweli. Lakini mila hiyo hiyo ilimjua Mukakaryenda, mwanamke aliyewekwa wakfu kuitunza Karyenda. Katika mfumo wa kale, basi, mwanamke hakuwa pambo la kando, bali alikuwa na cheo ndani ya patakatifu. Mfumo huo ulipovunjika, cheo chake kilitoweka pamoja na mwami na mtama. Kwa maoni yangu si haki kuiacha mila pale inapodai msimu na ibada, kisha kuishika kwa nguvu pale tu inapohusu mkono wa mwanamke.

Wapo watakaouliza kama inawezekana sherehe ya namna hii ibaki na msimu wake katika zama hizi. Watazame Makunduchi, kusini mwa Unguja, ambako Mwaka Kogwa hufanyika kila Julai. Wageni huja na kamera zao, lakini wenyeji bado wanapigana kwa makuti ya mgomba, bado wanachoma kibanda, na bado wanauhesabu mwaka wao. Mgeni anatazama, na mwenyeji anaingia katika mwaka mpya.

Walimu wenzangu, hatuwezi kuurudisha umuganuro kwa chaki. Tunaweza, hata hivyo, kuacha kuupotosha. Mwanafunzi wa Muyinga akiandika "tamasha la mavuno", tusimpigie mstari mwekundu tukaendelea mbele. Tumtume kwa bibi na babu yake akaulize mtama hupandwa lini na huliwa vipi, kisha arudi atueleze kwa Kiswahili. Akikosa neno moja la kutosha, na aliache "umuganuro" kama lilivyo, alifafanue kwa sentensi tatu. Lugha yetu imekwisha kupokea maneno mengi ya wageni waliotoka ng'ambo ya bahari, na haitashindwa kulipokea hili la jirani.